Aliye Chini Aitikie

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo nimetupiwa na watu wengi, ningekuwa mtu wa hasira ningeshagombana na nusu ya Mbulu. Na mimi ni mtu wa hasira. Kila nilipopita na sururu begani hakukosekana mmoja wa kuitamka, halafu anacheka peke yake kana kwamba ameitunga yeye. Nilikuwa nawajibu: ndiyo, naingia mwenyewe, na wewe unakuja kunywa, sasa mjinga nani?

Nyie vijana mnaochimba kwa gari siku hizi hamwingii popote. Mnasimama pembeni na simu zenu, chuma kinaingia kwa niaba yenu. Sisemi ni vibaya. Ningepata gari kama hilo ujanani, magoti yangu yasingekuwa yananililia kila kijiji chetu cha Tlawi kikishukiwa na ukungu. Lakini kuna mahali gari halifiki, na kuna visima vya zamani ambavyo lazima mtu ashuke ndio visafishike. Siku hiyo mtatafuta mzee wa kuwaelekeza mkute tumeshakufa wote. Ndiyo maana mimi Petro nimekubali kukaa hapa niongee, ingawa mke wangu anasema naongea tu kwa sababu siwezi tena kulima.

Kwanza hewa. Watu wanaogopa ukuta kuanguka, na kweli unaanguka, lakini ukuta una adabu, unapiga hodi. Utaona punje za udongo zinadondoka, utasikia kama mtu anakwaruza. Hewa mbaya haipigi hodi. Unapata usingizi tu, usingizi mtamu, basi, habari yako imeisha. Kwa hiyo asubuhi, kabla mtu hajashuka, shusha chemli inayowaka. Ikizimika, usishuke hata kama mwenye kisima anakuona mvivu. Kata matawi yenye majani mengi, yafunge kwenye kamba, pandisha, shusha, pandisha, shusha, mpaka taa ikubali kuwaka chini. Na ile mashine ya mafuta ya kuvutia maji usiishushe kisimani maisha yako yote. Moshi wake unakaa mle chini, hauna pa kwenda.

Jambo jingine nilifundishwa na Mzee Yakobo, fundi aliyenichukua nikiwa sijaota ndevu. Alikuwa mfupi, mkali, Mkatoliki wa kufunga mpaka siku ambazo padre mwenyewe anakula. Kanuni yake ilikuwa moja: aliye juu asinyamaze, na aliye chini aitikie. Ukiwa juu kwenye kamba humwoni mwenzako, unaona giza tu. Lazima umsikie. Mafundi wengine walipiga miluzi, wengine waliimba. Mzee Yakobo alisali. Alisali kama yale maombi ya waamini kanisani, wa juu anataja ombi, wa chini anaitikia, "Utusikie!" Ombi, utusikie. Ombi, utusikie. Kutwa nzima. Ukichelewa kuitikia unavutwa juu hapo hapo, na ukifika mzima unatukanwa.

Sasa fikirieni wenyewe. Ikifika saa nne asubuhi umeshamwombea Baba Mtakatifu, askofu, wagonjwa, wasafiri, mvua na ng'ombe. Maombi yamekwisha na kisima bado. Unafanyaje? Unaanza kuombea majirani kwa majina. Kuna siku, pale Dongobesh, nilikuwa juu, na chini yuko shemeji yangu Bura, aliyemwoa dada yangu. Nikaomba, "Uwajalie wenye nyumba hii moyo wa kuweka mboga kwenye ugali." Bura akaitikia "Utusikie!" kwa sauti ya mtu mwenye njaa kweli. Nageuka, mama mwenye nyumba huyo hapo nyuma yangu na sufuria ya maharage. Akaiweka chini taratibu, akasema, "Mmesikiwa," akaondoka. Tulikula kwa aibu, lakini tulikula.

Na Yaeda Chini je? Tulichimba kule wiki na wiki, jua linachoma, njia yenyewe punda analalamika. Maji yalipotoka nikaanza wimbo wa shukrani hapo hapo, wafugaji wakapiga vigelegele. Mzee Yakobo akaonja, akatema. Chumvi tupu! Nikanyamaza katikati ya ubeti. Akaniangalia kwa jicho lile baya. "Mbona umenyamaza? Malizia. Ng'ombe watakunywa, nao ni wa Mungu." Nikamalizia wimbo nikiwa nimenuna. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifundisha dini au ananikomoa.

Lakini msicheke mkasahau. Kulikuwa na fundi mwenzetu, kijana mwenye nguvu, ambaye "utusikie" yake ilianza kukawia. Mara ya kwanza tulidhani anapumzika. Mara ya pili Mzee Yakobo alipiga kelele, "Vuta!" na kijana akatoka amelegea kama nguo iliyolowa. Alipona. Tulipokuwa tunavuta, kaka yake alikuwa tayari ameshika ukingo anataka kurukia mle kumfuata, Mzee Yakobo akampiga ngumi ya kifua. Hiyo nayo ni kanuni: aliye chini akinyamaza, hakuna wa kumfuata mpaka taa imeshuka kwanza. Tumezika watu wawili wawili kwa sababu ya upendo wa kurukia.

Bura ndiye niliyefanya naye kazi baada ya Mzee Yakobo kufa. Miaka yote yeye chini, mimi juu. Si mwongeaji. Nadhani neno alilolisema mara nyingi kuliko yote maishani mwake ni hilo "utusikie". Binti yake Basilisa aliolewa Gendabi, kule chini ya mlima Hanang, na kila tulipopita alikuwa anakimbia kunipokea mzigo. "Shikamoo mjomba!" Halafu anacheka.

Halafu mlima ukashuka.

Sitaeleza sana, mnajua, na wengine mna ndugu zenu kule. Matope, mawe, miti na mizizi yake, alfajiri, watu wakiwa bado vitandani. Mume wa Basilisa alikuwa ameamkia mnadani na ng'ombe. Aliporudi hakukuta nyumba, hakukuta hata mahali pa nyumba. Tulitoka Tlawi na Bura, tukatafuta pamoja na watu wote, kwa majembe, kwa fito, kwa mikono. Wengine walipatikana, tukasaidia kuwazika. Basilisa hakupatikana.

Kwetu mtu asiyezikwa msiba wake hauishi. Watu wanarudi makwao, kazi zinaendelea, lakini wenye msiba hawajui wamalizie wapi. Dada yangu, mama yake Basilisa, alikataa kitanda, akawa analala chini kwenye mkeka, na mtu akipiga hodi mlangoni anaruka. Alikuwa anasema, labda aligongwa kichwa, labda yuko hospitali mahali hajui jina lake. Nawaambieni, kuna tumaini linalomla mtu kama funza anavyokula mahindi. Nililiona likimla dada yangu, nikashindwa kumwambia aliache.

Bura yeye aliacha kanisa. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapalilia. "Yule mtoto alikuwa halali bila kusali. Alisali usiku ule ule. Nani alimsikia?" Nikaendelea na jembe. Kuna mtu wa jumuiya ya kanisa alikuja kumwambia huo ulikuwa mpango wa Mungu. Bura alitaka kumpiga, na mimi ningemshika yule mtu apigwe.

Baadaye watu walianza kurudi Gendabi. Shida ikawa maji, maana visima vilikuwa vimeingiwa na matope. Gari la kuchimba likakwama njiani, wakaambiwa wasubiri. Walikuwa wanachota kwenye korongo, watoto wanaharisha. Katekista wao akaja mpaka kwangu Tlawi. Akasema kuna kisima kimoja ambacho kilichimbwa na sisi wenyewe ujanani, kile cha upande wa chini, kama tunaweza kukifufua. Nilimwambia nimeshastaafu, na magoti haya siyo ya kushuka popote. Bura alikuwa amekaa pembeni ananoa panga. Akasema bila kuinua kichwa, "Nitashuka mimi."

Nilijua kwa nini. Kisima hicho ndicho Basilisa alichokuwa anachota maji. Katekista naye alijua. 

Njiani, mjini Katesh, tulimpitia Salimu, mwenye duka la vifaa, Mwislamu, mtu tuliyezoeana naye miaka mingi. Akatupatia kamba mpya, akafunga duka, akaja nayo mwenyewe. Alisema hawezi kukaa dukani wakati wazee wanashuka shimoni. Kwenye kuvuta alikuwa na mikono mizuri kuliko vijana wote waliokuwepo.

Asubuhi ya kwanza chemli ilishuka ikawaka vizuri. Bura akajifunga kamba kiunoni. Akaniambia, "Shemeji, wewe omba unavyotaka. Mimi lile neno sisemi."

"Utasema nini? Lazima nikusikie."

"Nitasema nipo."

"Sawa. Sema nipo."

Matope yaliyokauka kisimani ni kazi ngumu kuliko kuchimba upya. Yanashika kama saruji, halafu ndani yake kuna kila kitu cha watu. Bura alikuwa gizani anajaza ndoo, mimi nilikuwa juu kwenye mwanga. Kila ndoo ilipofika ilinibidi niingize mikono nitafute kabla ya kumwaga. Kandambili. Kijiko. Kipande cha bati. Mwiko. Na kila nilipokawia, sauti ilitoka chini, "Nini hicho?"

"Mwiko tu."

"Haya."

Kuna ndoo ilikuja na kanga. Niliivuta kutoka kwenye tope. "Nini hicho?" Nikamwambia kanga. Akauliza, "Ya rangi gani?" Rangi ilikuwa imeliwa na tope. Mama mmoja akaja akaichukua mikononi mwangu, akaifikicha kwa dole gumba, akaitazama pindo. "Yangu hii," akasema. "Nilikuwa nimeianika." Akaikumbatia na matope yake, akaenda kukaa mbali. Nikapiga kelele kisimani, "Ya jirani!" Bura akajaza ndoo nyingine.

Sasa nyie mnaoniuliza mzee unasalije nyakati hizi, mvua haieleweki, kazi hakuna, mlima wenyewe hauaminiki, nitawaambia nilivyosali pale. Sikujua niombe nini. Nikiomba apatikane, naomba mtoto wa dada yangu aje juu kwenye tope mbele ya macho yangu, na baba yake ndiye aliyemshika kwanza gizani. Nikiomba asipatikane, naomba dada yangu aendelee kuruka kwa kila hodi. Maisha yangu yote nilikuwa naomba kama mtu anayeagiza chakula hotelini, hiki na hiki na kile. Pale hotelini hapakuwa na kitu. Kwa hiyo nilikuwa naonyesha tu. "Bwana, ndoo hii." Chini kunasikika, "Nipo." "Bwana, na hii." "Nipo." Kutwa nzima hivyo, na kesho yake hivyo.

Tukaendelea mpaka siku moja alasiri ndoo ikaja nyepesi, ina kokoto zilizooshwa, safi. Nilizijua. Kokoto hizo Bura alizimwaga yeye mwenyewe siku tulipomaliza kisima kile, tulizibeba kutoka mtoni. Maana yake chini ya hapo hakuna kitu tena.

"Nimefika kokoto," alisema.

Halafu akanyamaza.

Nikataja ombi, kimya. Nikamwita jina, kimya. Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Nikamwambia Salimu avute, akavuta, na kamba ikaja kirahisi, haina mtu. Bura alikuwa ameifungua kiunoni. Jamani! Niliogopa pale kuliko siku zote za maisha yangu. Vijana wawili walishaanza kuvua mashati, nikasimama mdomoni pa kisima na mtaimbo nikawaambia atakayesogea nitamvunja mguu, taa kwanza.

Chemli ikashuka polepole. Ikamulika ukuta, ikamulika mikwaruzo ya sururu, ikamulika kichwa cha Bura. Moto umesimama wima, hewa nzuri. Alikuwa amekaa kwenye kokoto, mgongo ukutani, na maji yalikuwa yameanza kupanda, yamemfunika miguu. Maji ya kule yana baridi ya mlima. Mzee akikaa mle mpaka jioni hatoki. Na yeye alijua.

"Bura!" nikaita. "Taa inawaka. Kwa hiyo unanisikia."

Kimya.

Nikalala kifudifudi pale ukingoni, kichwa kikiwa ndani ya kisima. Nilijua kanuni, aliye juu asinyamaze, lakini sikuwa na kitu. Nikasema, "Bwana, mimi sina ombi. Nimemaliza. Yule mtoto alikuwa ananiamkia shikamoo mjomba halafu anacheka, na mimi sijawahi kumuuliza alikuwa anacheka nini. Ni hilo tu." Nikalia. Sioni aibu kuwaambia, nililia kwa sauti, machozi yakawa yanadondoka mle mle kisimani.

Kisha sauti ikatoka chini, imekwaruza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi itikia wewe."

Tangu enzi za Mzee Yakobo sijawahi kumsikia Bura akitaja ombi. Alikohoa. Alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Akasema, "Popote alipo, asisikie baridi."

Zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa bado nalia. Nyuma yangu wanawake wa Gendabi wakaitikia, wote kwa pamoja, "Utusikie." Salimu akasema, "Amina."

"Na mama yake apate usingizi."

"Utusikie," nikasema na mimi. Ilitoka nusu.

Akakawia. Nilisikia maji yanacheza, kama mtu anajaribu kusimama.

"Na mimi nitoke."

"Utusikie!" Nilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Chini akasema, kwa ile sauti yake ya siku zote ya mtu anayekereka, "Sasa unapiga kelele za nini? Shusha kamba."

Msinielewe vibaya. Sisemi Bura amepona. Kanisani amerudi, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na matangazo yakianza anaondoka. Kuna Jumapili haji. Dada yangu bado analala kwenye mkeka, ingawa sasa analala. Basilisa hajapatikana hadi leo ninapoongea nanyi, na mvua ikinyesha kubwa usiku nusu ya wilaya inakaa macho ikisikiliza mlima. Anayetaka niseme mambo yatakuwa mazuri akamuulize mwingine. Mimi ninachojua ni kuitikia na kungoja kuitikiwa.

Tulipomtoa Bura alikuwa anatetemeka meno. Wakamfunika koti la Salimu, wakamletea chai, hakuitaka. Mama mmoja akachota ndoo ya kwanza, maji bado yana tope kidogo, akaileta kwa magoti mbele yake. Ndiyo desturi, ndoo ya kwanza ya kisima ni ya fundi. Anakunywa, ananawa, akitaka anajimwagia mwili mzima na watu wanashangilia.

Bura hakunywa. Aliinuka na ile ndoo, akavunja kitawi cha mti kilichokuwa pale, akatembea mpaka uwanja wa matope, ambao ulikuwa umeshakauka na kuanza kuota nyasi. Hakuna anayejua nyumba ya binti yake ilikuwa upande gani. Akaanzia kwenye mawe makubwa. Akachovya kitawi kwenye ndoo, akanyunyiza chini kama padre anavyonyunyiza kaburi, akapiga hatua, akachovya tena. Wanawake wakamfuata, maana nao wana watu wao mle.

Ndoo ikaisha hata nusu ya uwanja hajafika. Akasimama akaitazama, akageuka, akarudi mpaka kisimani.

"Shemeji," akaniambia, "vuta nyingine."